Jumamosi Nne za Mbayuwayu

Kwenye kaunta buku yangu ya kwanza, ile yenye gamba la bluu lililoliwa na mende pembeni, kuna mistari minne ambayo kwa muda mrefu niliionea fahari kuliko cheti changu cha ualimu. Oktoba 8, 2016: mbayuwayu watatu kwenye waya wa umeme. Oktoba 7, 2017: mbayuwayu, wengi. Oktoba 6, 2018: sita, wanazunguka juu ya mashamba ya chumvi. Oktoba 5, 2019: mmoja tu, asubuhi.

Nane, saba, sita, tano. Kila mwaka ndege hawa wasafiri wamefika kwetu siku moja mapema. Niliichora ile grafu ubaoni mbele ya darasa la sita, mstari umenyooka kama umepigwa rula, nikawaambia wanafunzi kwamba haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi tunayoyasikia redioni, na kwamba hapa kwetu Mikindani, Mtwara, tumeyashika kwa mkono. Niliongea kama mtu aliyeyagundua yeye.

Mtoto mmoja wa kike, wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hunyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni tu, akanyoosha kidole. "Madam, mbona zote Jumamosi?"

Kalenda ya simu ikamtetea. Mwaka una wiki 52 na siku moja, kwa hiyo Jumamosi ileile husogea nyuma siku moja kila mwaka, mpaka mwaka mrefu uje uivuruge. Mimi siku za kazi asubuhi macho yangu yako kwenye andalio la somo na viatu vya watoto. Jumamosi ndiyo ninashuka kwa Bibi, napita ufukweni, nainua kichwa. Mbayuwayu wangeweza kuwa wamefika tangu Jumanne, wamekaa juu ya waya wananingojea. Nilikuwa nimepima ratiba yangu ya kufua nguo, nikaiita tabianchi.

Nilifuta ubao. Darasa lilicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Haikuwa hata mara ya kwanza kuaibika. Miaka miwili kabla ya kaunta buku, mwezi Juni 2014, nilikuwa nimeandika nyuma ya daftari la mahudhurio, kwa kalamu nyekundu: "Sululu hawajaondoka mwaka huu. Hali ya hewa imebadilika." Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu kwenye matope ya ghuba, sululu kama kumi, wale ndege wa matopeni wenye midomo mirefu, na wadogo zao vitwitwi kadhaa, wakati kila kitabu kinasema ndege hao Juni wako kaskazini ya mbali wanalea vifaranga. Nikamwambia kila aliyetaka kunisikiliza. Januari iliyofuata alikuja mtaalamu wa kuhesabu ndege wa majini, kwa ile sensa ya kila Januari inayofanywa nchi nyingi kwa pamoja, na mimi nikajitolea kumbebea darubini ya miguu mitatu. Njiani nikamsimulia ugunduzi wangu. Aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole: "Hao ni vijana, Mwalimu. Wengi hawaendi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Walikuwa wanakaa huku hata babu yako alipokuwa mtoto."

Akaongeza jambo lililonirudisha utotoni moja kwa moja. Ukitaka kumjua anayeondoka na anayebaki, alisema, tazama nguo.

Bibi yangu amekula matope ya ghuba hii maisha yake yote. Maji yakipwa alikuwa anatuongoza, sisi wajukuu na ndoo, kwenda kuokota tondo na kuchokoa chaza, mguu ukizama mpaka kwenye kifundo, khanga imefungwa juu ya goti. Vitwitwi walikuwa mbele yetu daima, wanakimbia, wanasimama, wanachoma matope kwa midomo, wanakimbia tena, kama washonaji waliokimbizwa na mteja. Mwaka mzima ni wa kijivu. Lakini ikifika Machi, wengine wanaanza kugeuka. Kifua kinaingia wekundu kidogo, kama kutu, halafu wiki kwa wiki wekundu unashuka mpaka tumboni, na ndege mwenyewe ananenepa hadi anaonekana hana shingo. Bibi alikuwa anasimama, mkono kiunoni. "Wameshapaka hina hao," anasema. "Wana harusi ya mbali." Baada ya siku chache matope yanakuwa nusu tupu.

Yule mtaalamu alinieleza kitu kilekile. Hao wa hina ni vitwitwi wanaozaliana kwenye tundra ya Siberia, ile nyika ya baridi isiyo na miti, hasa rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Mikindani, mahali ambapo kiangazi ni kifupi na theluji ikiyeyuka tu wadudu hutoka kwa fujo. Wanaonona na kubadili manyoya wanakwenda huko. Wanaobaki na kijivu chao hawana harusi mwaka huo. Kwa hiyo sululu wangu wa Juni walikuwa vijana waliobaki nyumbani, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imewasingizia.

Baada ya aibu ya Jumamosi nilibadili utaratibu. Kuanzia katikati ya Septemba natoka kila siku, dakika kumi na tano, saa 12 na robo asubuhi, kabla ya shule, mvua isinyeshe au inyeshe. Naandika hata siku nisiyoona kitu. Hasa siku nisiyoona kitu. "Septemba 24, hakuna" ni mstari mkavu, lakini ndio unaoupa uzito mstari wa siku wanapoonekana. Na naandika jina la siku kando ya tarehe, ili mtoto wa dawati la nyuma asinikamate tena.

Sasa niingie kwenye kisa chenyewe, kwa sababu ndege pekee wasingenitoa kitandani saa hiyo miaka yote hii. Ni habari ya mjomba wangu na shamba lake la Nanguruwe.

Kwa wasiokaa huku: Mtwara na Lindi mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba ikaenda mpaka Aprili. Hatuna vuli na masika za kujaribu mara mbili. Ukikosea kupanda, umekosea mwaka. Bibi alikuwa na kalenda yake ya ngazi tatu na alitufundisha kama mtu anavyofundisha sala. Sululu wakijaa matopeni, kusi limechoka. Mbayuwayu wakitua, safisha shamba. Kereng'ende wakizagaa mpaka wanagonga uso, tia mbegu. Mjomba alikuwa ameishika vizuri ngazi ya pili, akaisahau ya tatu.

Mwaka 2019 mvua ilitangulia. Mbayuwayu wangu wa Jumamosi hajamaliza wiki mbili, Oktoba ikaanza kumwagika. Mjomba alikuwa na korosho chini ya mikorosho, na korosho iliyodondoka ikilala kwenye majani mabichi haina huruma: inapata unyevu, ganda linaingia madoa, kwenye maghala inashushwa daraja. Tuliokota mpaka jioni, tukaanika kwenye mikeka, tukaanua, tukaanika, na mabibo yameoza chini ya miguu yetu yananuka uraka, ile pombe ya mabibo. Mwaka ule maji ya bahari upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kupita kawaida huku ya upande wa Indonesia yamepoa, na tofauti ile, miongoni mwa kubwa kuwahi kupimwa, ndiyo iliyotuletea mawingu mapema na mengi. Januari 2020 mkoa wa jirani, Lindi, ukapata mafuriko yaliyoua watu.

Mwaka 2021 ikawa kinyume. Mbayuwayu walikuja siku zilezile. Safari hii nilikuwa natazama kila siku, kwa hiyo nina uso wa kusema: Oktoba 2, Jumamosi, na ndiyo, niliapa mbele ya darasa kwamba Ijumaa nilitoka na hawakuwepo. Mjomba akasafisha shamba. Mwishoni mwa Novemba ikanyesha mara moja, mvua nzuri, ya usiku mzima. Asubuhi akanipigia.

"Mwalimu, ndege wako wamefika?"

"Wamefika muda, Mjomba."

"Basi. Nasia leo."

Nilipaswa kusema neno. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba mvua za msimu zingechelewa na kuwa za kusuasua. Nilisikia, yeye alisikia, lakini redio inasema kwa mkoa mzima na mbayuwayu wako juu ya paa lako. Alisia mahindi paketi sita za kilo mbili, mbegu ya dukani, na karanga za akiba kutoka kwenye dari. Yakaota vizuri, kijani kibichi, mstari kwa mstari. Kisha jua likawaka wiki moja, ya pili, ya tatu. Nilikwenda Jumapili moja nikamkuta amechuchumaa kwenye mstari, ameng'oa mche anautazama mzizi. Ulikuwa mfupi kama njiti ya kiberiti, umejikunja, unatafuta unyevu ambao haupo. Akaniwekea kiganjani.

"Ndege wako wamelewa uraka," akasema.

Tulirudishia Januari. Mbegu ya kununua tena, kwa bei ya Januari. Karanga hazikurudishiwa, hazikuwepo.

Jioni ya Jumapili ile ya mche tulikuwa tumepita kwa Bibi. Akasikiliza habari yote akiwa amekaa barazani, anapembua mbaazi kwenye ungo bila kuzitazama. Mwisho akauliza swali moja tu: "Kereng'ende mmewaona?" Mjomba akanitazama mimi. Mimi nikatazama kaunta buku. Miaka mitano ya kumbukumbu, na kereng'ende sikuwa nimeandika hata siku moja. Niliwaona ni mchezo wa watoto, wale wanaowafunga uzi mkiani.

Nilimtumia yule mtaalamu ujumbe mrefu, na picha ya ule mche. Alinijibu kwa sauti, dakika kumi na moja, nyuma yake honi za Dar es Salaam. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko kaswida yoyote.

Alisema: mbayuwayu anayekuja kwako ametoka mbali kaskazini, na hakuondoka kwao kwa kuuliza kama Nanguruwe kumenyesha. Ameondoka kwa kuwa siku zimefupika na mwili wake umempigia kengele. Akanisimulia kuhusu Mjerumani, Eberhard Gwinner, aliyefuga ndege wasafiri ndani ya vyumba ambamo mwanga na giza vilikuwa saa 12 kwa saa 12 mwaka mzima, bila dirisha la kuwaambia msimu. Wakati wa safari ulipofika bado walinona na kuhangaika usiku ndani ya kizimba. Saa iko ndani yao. Na hapa kwetu, karibu na Ikweta, tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama saa moja na dakika kumi tu kwa mwaka, kwa hiyo ndege akiwa Mtwara anaitegemea zaidi hiyo saa ya ndani. Haijui habari ya bahari.

Mvua nayo haina habari ya urefu wa siku huko Ulaya. Inasikiliza joto la maji. Mwisho wa 2021 Pasifiki ilikuwa imepoa, ile hali iitwayo La Niña, ambayo mara nyingi hutupunguzia mvua za mwisho wa mwaka Afrika Mashariki. Mwaka 2019 ilikuwa Bahari ya Hindi yenyewe. Na Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na wanasayansi wanatarajia vituko vikali kama cha 2019 viongezeke. Enzi za ujana wa Bibi hawa wawili, ndege na mvua, walifika karibu pamoja, kwa hiyo mmoja alitosha kumtangaza mwenzake. Hawakuwa wameambiana.

Hilo ndilo lililonigeuza. Muda wote nilikuwa natafuta ndege aliyechelewa au aliyewahi, nikidhani tabianchi itaonekana kwenye tarehe yake. Kwangu mimi tarehe ya mbayuwayu haijasogea kwa kiasi ninachoweza kuapia. Kilichosogea ni kile alichokuwa anakitangaza. (Sisemi ndege hawabadiliki kabisa. Mbayuwayu wanafika Uingereza mapema kuliko miaka ya 1960. Lakini wao wanasogea kwa siku, mvua ya mjomba imeruka kwa wiki saba.)

Kereng'ende ni kabila lingine, na hapo Bibi alikuwa mbele yetu wote. Wale wekundu-njano wanaojaa kipindi cha mvua huzaliana kwenye madimbwi ya muda, kwa hiyo husafiri na pepo zinazobeba mvua. Baadhi hudhaniwa huvuka bahari kutoka India. Nyuma yao, au pamoja nao, huja kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo mwenye miguu myekundu, anayezaliana Siberia mashariki na kaskazini mwa China, akapumzika India ya kaskazini mashariki, kisha akavuka Bahari ya Hindi kilomita zaidi ya 3,000 bila kutua, akisukumwa na kaskazi ileile iliyoleta majahazi. Wanakula kereng'ende njiani. Nimewaona Desemba juu ya mikorosho ya mjomba baada ya mvua, wanaelea, wanajikunja, wanashika kitu hewani na kukipeleka mdomoni kwa mguu. Kumbe ngazi ya tatu ya Bibi ilikuwa inapima upepo wenyewe. Sasa naandika kereng'ende pia. Nina miaka michache tu ya kumbukumbu zao na sitachora grafu.

Sehemu ya mwisho ya ule ujumbe wa sauti ndiyo inayonisumbua ninapowatazama vitwitwi. Huku kwetu mkulima akipotezwa na ishara anarudishia Januari. Ndege hana Januari. Kule Aktiki, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, joto limepanda karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Watafiti walifuatilia ndugu mmoja mkubwa wa vitwitwi, anayezaliana Taimyr na kukaa msimu wa baridi Mauritania, wakaeleza mwaka 2016 kwamba kwa miaka 33 theluji kule imekuwa ikiyeyuka mapema kwa karibu nusu siku kila mwaka. Wadudu wanatoka mapema. Ndege anafika, anataga, kifaranga kinaanguliwa karamu imeshakunjwa majamvi. Kinakua kidogo, na mdomo unakuwa mfupi. Mdomo mfupi hauonekani kuwa msiba mpaka kifike Mauritania, kwenye matope, ambako kombe wazuri wamejichimbia kina kirefu kuliko mdomo unavyofika. Wenye midomo mifupi wengi hawaishi kuuona mwaka unaofuata.

Hao si ndege wa Mikindani, wala sijasikia aliyewapima wetu hivyo. Ila tangu nisikie habari ile siwezi kumtazama kitwitwi akichoma matope nisiangalie mdomo unaingia mpaka wapi. Nimechuchumaa kwenye mikoko na darubini ya mtumba, matope yananing'ata, nikihesabu: ameingiza mpaka machoni, ametoa, hana kitu. Ameingiza, ametoa, ana mnyoo, mnyoo unavutika kama mpira, umekatika, amemeza kipande. Wavuvi wanaopita na mitumbwi wamezoea. Mmoja huniuliza kila mara kama serikali inanilipa kwa hiyo kazi.

Mjomba sasa anapanda kwa mafungu. Theluthi kwa mvua ya kwanza, akiisikiliza redio safari hii, theluthi baada ya wiki mbili, theluthi akisikia kwa Bibi. Ananipigia bado kila Oktoba kuuliza mbayuwayu, nadhani kwa mazoea tu, au kwa kunitania. Ndege anayemwamini zaidi ni dudumizi wa kwenye mwembe wake. "Huyu hasafiri," anasema. "Huyu tunashinda naye njaa moja."

Bibi magoti yamekataa. Hashuki tena matopeni, na macho hayaoni picha kwenye simu, anasema ni kioo tu kinamwakia usoni. Kwa hiyo namsimulia. Mwaka jana katikati ya Aprili nilirudi kutoka ufukweni nimelowa mpaka gotini, nikamkuta ameshaamka, amejifunika khanga, radio iko chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wameshapaka?"

Nikamsomea kama ilivyo kwenye kaunta buku, ya tatu sasa, yenye gamba jekundu: Aprili 15, 2025, Jumanne, saa 12 na dakika 20, bamvua, maji yanakupwa. Vitwitwi thelathini na moja. Wa hina ishirini na wawili, wanene. Wa kijivu tisa.

Akafikiri kidogo. "Hao tisa," akasema, "waachie tondo. Watakaa na sisi."